Mbele ya Kizuizi cha Trafiki: Mamlaka ya Polisi na Haki za Raia Barabarani Kenya

Mamlaka ya polisi wa trafiki nchini Kenya ya kusimamisha gari yanatokana na Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1954. Ilikuwa enzi ya ukoloni, na lugha ya sheria hiyo ni lugha ya amri: simama, onyesha, shuka, fungua. Imerekebishwa mara nyingi tangu hapo, lakini uti wake wa mgongo ni ule ule. Tarehe 27 Agosti 2010 Katiba mpya ilizinduliwa, na juu ya amri hizo yakawekwa mambo ambayo afisa hawezi kumtendea mtu hata kama mtu huyo amekosa. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi, iliyoeleza kwa undani namna afisa anavyopaswa kujibeba, na sheria nyingine iliyounda Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA. Mizozo mingi ya kando ya barabara, iwe Mlolongo, Mariakani au kwenye njia ya vumbi kijijini, huzuka pale amri za 1954 zinapokutana na haki za 2010, na mara nyingi dereva hajui zote mbili.

Jambo la kwanza halimfurahishi dereva, lakini ni kweli: afisa aliyevaa sare anaweza kusimamisha gari lolote. Si lazima awe ameona kosa, wala si lazima aeleze kwanza anashuku nini. Kukataa kusimama ni kosa, na ni kosa linalomharibia dereva kesi yake yote hata kama hakuwa na hatia nyingine. Kwa hiyo mtu anayepinga kusimamishwa kwenyewe anapigana vita ambavyo sheria haijampa silaha. Haki zake zinaanza baada ya gari kusimama.

Sare ndiyo sharti. Aliyesimama barabarani kwa nguo za kiraia na kunyoosha mkono si kizuizi cha trafiki. Dereva anayesimamishwa usiku mahali pa giza na watu wasio na sare anafanya busara kuwasha taa za tahadhari, kupunguza mwendo na kwenda hadi kituo cha polisi kilicho karibu au mahali penye watu, kisha aeleze hapo kwa nini hakusimama mapema. Sare peke yake pia haitoshi. Jedwali la sita la Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi linamtaka kila afisa mwenye sare awe na kibandiko cha jina au nambari yake ya kazi mahali panapoonekana wazi. Kibandiko kilichofichwa chini ya koti la mvua, au kilichong'olewa, ni ukiukaji wa sheria. Ni sawa kabisa mwananchi kuuliza kwa heshima, “Afande, naomba jina lako na kituo chako.” Hayo si matusi wala ukaidi. Ombi hilo ndilo mlango wa malalamiko yote yanayoweza kufuata, kwa sababu malalamiko juu ya “polisi fulani wa kule Salgaa” hayana pa kuanzia.

Baada ya salamu hufuata stakabadhi. Dereva anatakiwa kuwa na leseni yake na kuionyesha anapoulizwa, na gari linatakiwa kuwa na bima ya kulinda watu wengine. Magari ya abiria yana mzigo mkubwa zaidi: leseni ya kubeba abiria, cheti cha ukaguzi, kidhibiti mwendo kinachofanya kazi, mstari wa manjano, mishipi ya usalama. Mengi ya hayo yalitokana na kanuni zilizoletwa na waziri wa uchukuzi John Michuki na kuanza kutekelezwa Februari 2004, zile ambazo wenye matatu walizigomea na baadaye wakazizoea. Afisa ana haki ya kuyakagua yote hayo, na ya kuzunguka gari akitazama magurudumu, taa na breki. Akiona kwamba gari ni la hatari kweli, sheria inamruhusu kulizuia lisiendelee na safari hadi litengenezwe. Abiria anayelalamika kwamba anacheleweshwa afikirie breki hizo kabla ya kumshangilia makanga anayebishana.

Kuna tofauti kubwa kati ya kutokuwa na leseni na kutoibeba, na tofauti hiyo hufichwa makusudi barabarani. Aliyefuzu mtihani akaiacha leseni nyumbani ametenda kosa dogo. Katika kanuni za makosa madogo za 2016, kosa hilo limewekewa faini ya shilingi 1,000. Kanuni hizo ziliorodhesha makosa 37 na kuyapa kila moja faini isiyobadilika, kuanzia shilingi 500 hadi 10,000. Kutofunga mshipi ni 500. Kuendesha huku ukitumia simu ni 2,000. Anayezidisha mwendo kwa kilomita 6 hadi 10 kwa saa ni 500, kwa kilomita 11 hadi 15 ni 3,000, na kwa 16 hadi 20 ni 10,000, ilhali aliyepita kiwango kwa kilomita 1 hadi 5 ni wa kuonywa tu. Takwimu hizi zinafaa kukaririwa kama watu wanavyokariri bei ya unga. Dereva anayeambiwa kwamba mshipi wa abiria mmoja utamgharimu “elfu ishirini kortini” na asijue kwamba kanuni zinasema 500, atatoa elfu moja na kushukuru.

Utaratibu wa kanuni hizo ni wa karatasi. Afisa anaandika notisi inayotaja kosa, mahali, saa na faini. Aliyepewa notisi ana njia mbili: akubali kosa na kulipa, au akane na kwenda kujitetea mahakamani. Faini hulipwa kwa njia rasmi inayotoa risiti. Mkono wa afisa si njia rasmi, hata kama afisa mwenyewe ndiye aliyeandika notisi.

Kuhusu mwendo, sheria ina kinga ambayo madereva wachache wanaifahamu. Mtu hatiwi hatiani kwa kwenda kasi kwa sababu tu shahidi mmoja anadhani alikuwa anakwenda kasi. Macho ya afisa mmoja aliyekaa chini ya mti hayatoshi peke yake, na kwa kawaida kinachotegemewa ni kipimo cha chombo. Kwa hiyo dereva anayeambiwa alikuwa na kasi ya 96 ana sababu nzuri ya kuuliza imepimwa na nini na wapi, na kuomba kuona kilichorekodiwa. Ni swali la adabu, na hakimu naye ataliuliza.

Upekuzi ni jambo jingine kabisa na ukaguzi wa gari. Kutazama stika ya bima kwenye kioo ni ukaguzi. Kufungua buti, kumwaga mkoba, kupapasa mifuko na kusoma simu ni upekuzi, na hapo Katiba inaingia. Ibara ya 31 inampa kila mtu haki ya faragha: asipekuliwe mwili, nyumba wala mali yake, vitu vyake visichukuliwe, na mawasiliano yake yasiingiliwe. Haki hiyo ina mipaka. Sheria ya Taratibu za Kesi za Jinai, Sura ya 75, inamruhusu polisi kusimamisha na kupekua gari pale anapokuwa na sababu ya kushuku kwamba lina mali ya wizi au vitu vilivyopatikana kinyume cha sheria. Neno lenye uzito hapo ni “sababu”. Harufu ya bangi ni sababu. Gari linalofanana na lililoripotiwa kuibwa ni sababu. Kijana mwenye nywele za rasta ndani ya Probox si sababu, ingawa vijana wa namna hiyo wanajua ni mara ngapi nywele zao zimewapekulisha.

Mwanamke anayepekuliwa mwili anapaswa kupekuliwa na mwanamke, na kwa kuzingatia staha. Sheria imetamka hivyo waziwazi, wala haikusema “kama afisa wa kike yupo”. Kama hayupo, upekuzi unangoja. Mtu yeyote anayepekuliwa, mwanamke au mwanamume, anafanya vyema kuomba ufanyike mbele ya macho ya abiria wengine au wapita njia. Hofu ya kutiliwa misokoto ya bangi chini ya kiti ni hofu ya kweli kwa madereva wa bodaboda na matatu. Mashahidi huizuia kuliko mabishano.

Simu ina hadhi yake ya pekee, kwa kuwa ndani yake mna mawasiliano, pesa na picha za familia. Kosa la barabarani halimpi afisa uwezo wa kudai nywila na kuanza kusoma ujumbe. Na dereva au abiria anayerekodi kwa simu yake, akiwa ametulia na bila kumzuia afisa kazi, havunji kifungu chochote cha Sheria ya Trafiki. Afisa anayefuata utaratibu hapotezi kitu kwa kurekodiwa, kwani video ile ile inaweza kumwokoa dhidi ya dereva mwongo.

Maneno ya dereva nayo yana kinga. Ni lazima ataje jina lake na anwani yake anapotakiwa, na aonyeshe leseni. Zaidi ya hapo halazimiki kujieleza. Ibara ya 49 inampa aliyekamatwa haki ya kunyamaza, na inamtaka afisa amweleze haki hiyo, sababu ya kumkamata na matokeo ya kutonyamaza, kwa lugha anayoielewa. Mzee wa Kipokomo anayesomewa makosa kwa Kiingereza hajaelezwa kitu. Sheria ya Ushahidi inaongeza kwamba ungamo, au kukiri jambo lolote linaloelekea kuthibitisha hatia, hakupokelewi mahakamani isipokuwa kuwe kumefanywa mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa mwenye cheo kinachotajwa na sheria ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mtuhumiwa awepo. “Nisamehe, afande, nilikuwa na haraka” ni maneno yanayotamkwa kila siku kwenye barabara za Kenya. Yanaweza kulainisha moyo wa afisa, lakini hayapaswi kugeuzwa kuwa ushahidi.

Sasa kuhusu kukamatwa, ambako ndiko hofu kubwa ilipo.

Kwa makosa mengi ya trafiki hakuna haja ya kumfungia mtu. Lakini afisa akiamua kumkamata dereva, mambo kadhaa yanafuata kwa nguvu ya Katiba, si kwa hisani ya mkuu wa kituo. Aliyekamatwa anapelekwa kituoni na jina lake linaingizwa katika kitabu cha matukio, kile ambacho kila Mkenya anakijua kwa jina la OB. Ana haki ya kuwasiliana na wakili na mtu mwingine yeyote ambaye msaada wake unahitajika, yaani mke, mume, ndugu au mwenye gari. Ni lazima afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kwisha, na kama saa hizo zinakwishia nje ya muda wa mahakama au siku isiyo ya mahakama, basi siku ya kwanza ya kazi inayofuata. Kipengele hicho cha mwisho kina mwanya. Anayekamatwa Ijumaa jioni anaweza kulala ndani hadi Jumatatu bila saa 24 kuhesabiwa kuwa zimevunjwa, na haishangazi kwamba madereva huiogopa Ijumaa jioni kuliko siku nyingine yoyote.

Dawa ya Ijumaa jioni ni dhamana. Ibara ya 49 inampa kila aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti nafuu, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumnyima. Dhamana ya polisi huja kwa sura tofauti. Kuna ya mtu kujidhamini mwenyewe kwa saini, bila kutoa senti. Kuna ya mdhamini anayeahidi kumleta. Na kuna ya kuweka pesa taslimu, ambayo lazima iandikiwe risiti na kurudishwa kesi inapokwisha, mradi mshtakiwa amehudhuria. Pesa za dhamana si faini. Si malipo ya kufunguliwa mlango wala ada ya kituo. Mtu anayeondoka kituoni akiwa ameacha elfu tano bila risiti hakupewa dhamana. Mwongozo wa kitaifa wa dhamana uliotolewa mwaka 2015 na Baraza la Kitaifa la Utekelezaji wa Haki ulikusudiwa kuyanyoosha haya katika vituo na mahakama zote, lakini bado madereva wengi hawajui kwamba sahihi peke yake ingeweza kuwatoa.

Kisha kuna kifungu kidogo cha pili cha Ibara hiyo ya 49, ambacho kingestahili kubandikwa kwenye kioo cha kila matatu. Kinasema kwamba mtu hatawekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi sita. Makosa mengi ya kila siku barabarani yamo humo. Aliyekosa kufunga mshipi, au aliyeacha leseni nyumbani, hana kosa la kumweka mahabusu akingoja kesi. Kitisho cha “utalala ndani” kinapotolewa kwa kosa la faini ya shilingi 500, kinachotegemewa ni ujinga wa msikilizaji.

Kuna mtindo mmoja unaovuruga ulinzi huu wote, na ndio ulio mbaya kuliko yote: afisa anaingia ndani ya gari, anakaa kiti cha mbele, anamwambia dereva aendeshe kwenda kituoni, na kituo hakifikiwi. Gari linazungushwa. Linapita barabara ya kituo, linarudi, linasimama kando, simu inapigwa, na mazungumzo yanaanza: “Sasa tusaidiane vipi?” Huko ni kukamatwa kusiko na OB, kusiko na saa ya kuanzia, kusiko na wakili wala dhamana, na kwa hiyo saa 24 za Katiba haziwezi hata kuanza kuhesabiwa. Sheria haina jina la jambo hilo isipokuwa kuzuiliwa kinyume cha sheria. Dereva aliyekumbwa nalo ana jibu moja: aseme wazi kwamba anakwenda kituo kilicho karibu, aendeshe hadi pale, na aombe jambo lake liandikwe.

Hapa panafichua kwa nini hongo imeota mizizi barabarani kuliko katika ofisi nyingi za serikali. Watu husema madereva hulipa kwa sababu wana makosa. Wengine husema maafisa huomba kwa sababu ya mishahara midogo. Zote zina chembe ya ukweli, lakini kinachouzwa hasa kando ya barabara ni muda. Dereva wa matatu ana hesabu ya kumpelekea mwenye gari kila jioni, awe amepata abiria au hakupata. Siku moja kortini, hata akishinda kesi, inamgharimu mapato ya siku nzima pamoja na ya makanga wake. Mkulima mwenye pikapu iliyojaa nyanya anayesimamishwa Karatina saa kumi na moja alfajiri anajua kwamba nyanya hazitangoja hakimu. Kwa watu kama hao noti ya shilingi mia iliyokunjwa na kupitishwa dirishani haihusu kama wana hatia au hawana. Wananunua saa mbili. Na muuzaji anajua hivyo, ndiyo maana haelezi kosa. Anaishika leseni tu, anaitia mfukoni na kuhamia gari jingine, akiuacha muda ufanye kazi yake.

Pesa hizo haziishii mfukoni mwa aliyezipokea. Tume ya Kitaifa ya Huduma kwa Polisi, chini ya mwenyekiti wake wa kwanza Johnston Kavuludi, ilipowapiga msasa maafisa wa trafiki, iliwataka waeleze akaunti zao za benki na miamala yao ya M-Pesa. Maswali ya tume yakafuata fedha iliyokuwa ikitumwa mara kwa mara kutoka kwa maafisa wadogo kwenda kwa wakubwa wao, na baadhi ya waliohojiwa hawakuweza kueleza pesa zile zilitoka wapi. Maafisa kadhaa waliondolewa kazini. Vikao vile vilifanyika mbele ya kamera, na nchi nzima iliona kwamba anayesimama juani na kuokota noti za matatu mara nyingi ni wa mwisho katika mnyororo, akiwa na kiasi anachotarajiwa kupeleka jioni, kama vile dereva alivyo na hesabu yake. Haimwondolei hatia. Inaeleza kwa nini kumhamisha afisa mmoja kutoka barabara moja kwenda nyingine hakubadilishi kitu.

Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamhesabu mtoaji kuwa mkosaji sawa na mpokeaji. Adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka kumi, au faini ya hadi shilingi milioni tano, au vyote viwili. Usawa huo kwenye karatasi una ugumu wake. Anayetoa kwa kutishwa na anayeitisha hawako katika hali moja, na dereva anayeogopa kwamba atashtakiwa yeye hatakwenda kuripoti. Hata hivyo sheria hiyo hiyo inamlinda anayetoa habari na shahidi dhidi ya vitisho, na aliyeombwa hongo akakataa na kuripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, hana kosa lolote. Makachero wa tume hiyo wamekuwa wakivamia vizuizi na kukamata maafisa wakiwa na noti zilizowekewa alama, na operesheni za namna hiyo huhitaji habari kutoka kwa watu wanaosafiri.

Nguvu ni suala ambalo halipaswi kutokea kabisa katika ukaguzi wa kawaida. Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi inamtaka afisa ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu, na akilazimika kutumia nguvu, iwe kwa kiasi kinacholingana na anachokabiliana nacho. Bunduki ni kwa ajili ya kuokoa maisha na hali chache nzito kama hizo, na aliyejeruhiwa lazima apewe matibabu. Kofi kwa makanga, teke kwa pikipiki inayokwenda, rungu kwenye kioo: hakuna hata kimoja kinachotoshana na stika ya bima iliyokwisha muda. Waendesha bodaboda ndio wanaobeba mzigo huu zaidi, kwa kuwa hawana mlango wa kufunga wala kioo cha kupandisha, na anayevutwa kutoka kwenye pikipiki inayotembea anaweza kufa.

Kwa upande wake dereva ana wajibu wa kutulia: azime injini, aache mikono ionekane, ajibu kwa heshima, asiondoke kabla ya kuruhusiwa. Akihusika katika ajali, wajibu unazidi. Sheria ya Trafiki inamtaka asimame, atoe jina na nambari za gari kwa aliyehusika, na aripoti kwa polisi ndani ya saa 24. Anayekimbia kwa kuogopa umati anaweza kueleweka ikiwa amekwenda moja kwa moja kituoni. Aliyekwenda nyumbani kulala haeleweki.

Aliyepewa notisi au hati ya mashtaka na asiyekubali kosa ana siku yake mbele ya hakimu. Ibara ya 50 inamhesabu kuwa hana hatia hadi ithibitishwe, inampa muda wa kujiandaa, na inamtaka apewe mkalimani bila malipo kama haelewi lugha ya mahakama. Katika mahakama za trafiki washtakiwa wengi hukiri kwa mkupuo asubuhi moja, wakiwa kwenye foleni, kwa sababu anayekiri huondoka mapema na anayekana hupewa tarehe nyingine. Muda tena. Kama serikali ina nia ya kuondoa noti za shilingi mia barabarani, haina budi kuifanya notisi ya papo hapo iwe rahisi kuliko hongo: iandikwe kwa dakika tano, ilipwe kwa simu, na anayeipinga asikilizwe bila kupoteza siku tatu za kazi. Vizuizi vya misumari na hotuba za mawaziri havijafanya hivyo kwa miongo kadhaa.

Malalamiko dhidi ya afisa yana milango mitatu mikubwa. IPOA hupokea yanayohusu matendo mabaya ya polisi, na lazima ichunguze kifo au jeraha baya lililotokana na polisi. Kitengo cha Masuala ya Ndani, kilicho ndani ya Huduma ya Polisi lakini chenye mamlaka ya kuchunguza maafisa wenyewe, hupokea ya nidhamu. EACC hupokea ya hongo. Mlango wowote utakaogongwa utauliza mambo yale yale: jina au nambari ya afisa, nambari ya gari la polisi, mahali, tarehe na saa, nambari ya OB kama kituo kilihusika, na majina ya mashahidi. Anayeketi kiti cha dirishani ndani ya matatu anaona na kusikia kila kitu, na ushahidi wake una uzito sawa na wa dereva mbele ya sheria. Tafadhali yaandikeni hayo siku hiyo hiyo, kabla ya kulala, maana kesi nyingi za namna hii hufia kwenye tarehe iliyosahauliwa.